Kengele ya Mti

Baba alinitoa Butembo mwaka 1981, nikiwa kijana, akanipeleka porini upande wa Mambasa nijifunze kununua nyama. Tulibeba unga wa muhogo, mchele, chumvi na sabuni. Noti zetu hazikuwa na kazi katika kambi za Bambuti, wawindaji wa msituni. Mboloko mmoja, yaani paa mdogo wa msituni, alipimwa kwa unga.

Baba mwenyewe alianzia kwenye ngozi. Ujana wake ulikuwa wa chui, mbega na kanu, na ngozi ya chui ilipanda heshima zaidi Rais Mobutu alipovaa kofia ya ngozi hiyo. Alinifundisha kwamba mbwa wa ngozi si mbwa wa nyama. Wa ngozi alitakiwa kumpandisha kanu mtini na kungoja chini, kwa sababu ngozi iliyoraruliwa haikuwa na mnunuzi. Aliyezoea kutafuna alifukuzwa, hata kama alikuwa na mbio. Mkataba wa kimataifa ulipoanza kazi mwaka 1975 na kufunga biashara ya chui, wanunuzi wa mbali walipungua, na baba akahamia kwenye nyama. Hapo mbwa yuleyule aliyefukuzwa kwa meno yake akawa na thamani.

Mbwa wa huko ni mdogo, mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni. Habweki. Ndiyo maana huvishwa kengele ya mti shingoni: mwenyewe anajua alipo, na paa akiisikia anakimbilia kwenye nyavu. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, hivyo mbwa mwema hakupatikana ovyo. Mzee mmoja nilimpa mbuzi wawili kwa dume lake, akakataa. “Mwanangu,” aliniambia, “mbuzi nitamla kesho. Huyu ananilisha.” Waingereza walianza kuzalisha mbwa hawa kwao katika miaka ya 1930 na kuwaita basenji, jina lenye undugu na neno letu washenzi. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walikuja kaskazini-mashariki mwa Zaire kutafuta wengine wa kuongeza damu mpya. Sisi tulikuwa nao mlangoni.

Kisha miji ikakua. Butembo ilikuwa na fedha ya kahawa, wachimba dhahabu wakajaa msituni, na kila mmoja alitaka nyama ya pori. Bei ilipopanda, hakuna aliyetaka kungoja nyavu zifungwe na wanawake waswage wanyama. Wawindaji waliniomba waya wa kutegea. Niliwaletea. Nyaya za breki za baiskeli nilizinunua sokoni Beni, nikazifunga chini ya magunia ya unga, safari baada ya safari, na faida yake sikuiona mbaya hata kidogo. Waya hauli, hauchoki, hauzai mara moja kwa mwaka. Wawindaji wawili wenye mitego mia walipata zaidi kuliko kambi nzima.

Lakini waya hautofautishi mboloko na mbwa. Yule mzee alimkuta dume lake asubuhi, mguu wa mbele umekatika hadi mfupani, kengele imejaa udongo. Hakunilaumu. Alinitazama tu, kisha akaniuliza kama nimeleta chumvi. Nimeshakuwa babu sasa, na bado naona macho yale. Ndani ya miaka michache kambi zile nilizozizoea ziliacha kufuga mbwa, kwa kuwa mbwa anayetembea katikati ya nyaya ni hasara, na bila mbwa waya ukawa ndio tegemeo pekee. Bei ya nyama ndiyo iliyowaua mbwa wale, na mkono uliobeba waya ni wangu.

Vita vikaja. Kuanzia Oktoba 2014 watu walichinjwa vijijini kuzunguka Beni, na njia ya Mbau kwenda Kamango ikawa ya kifo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, Mangina ikiwa kitovu, na kabla haijaisha Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Niliacha nyama ya pori mwaka ule wa 2018, na sikuirudia.

Leo ninauza makayabu, yaani samaki wa chumvi, na samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonyo hapa Butembo. Wewe unayewinda bado, ukitoka porini toka na waya wako. Usiuache nyuma.