Kilimia Kilichopanda Mlima: Subaru Kuukuu za Kapsokwony



Wazee wetu wa pwani walikuwa na nyota walizozitegemea. Lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana, ambalo Waarabu huliita Thurayya, sisi tuliliita Kilimia, kwa kuwa ndilo lililomjulisha mkulima majira ya kulima. Wajapani nao wana jina lao la nyota hizo hizo: Subaru. Mwaka 1953 makampuni matano ya huko Japani yaliungana yakawa moja, na magari yaliyotoka katika muungano huo yakapewa jina la Kilimia. Ndiyo sababu ya zile nyota sita zilizobandikwa usoni pa kila Subaru: moja kubwa na tano ndogo. Basi mwanao anapopita barabara ya Digo na Subaru yake, anapita na Kilimia, ajue asijue.

Tumeyakumbuka haya kwa safari tuliyoifanya majuzi kwenda Kapsokwony, katika kaunti ya Bungoma, kumjulia hali mwana wa ndugu yetu anayefanya kazi ya uuguzi huko. Kutoka Mombasa hadi Bungoma ni mwendo wa karibu kilomita 900. Tulipita Nairobi, Nakuru na Eldoret, tukisali kwa kukusuru kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Tulipofika Webuye tuliiacha njia kuu ya Uganda, tukashika njia ya Kitale, kisha tukakata kushoto kuelekea Kimilili. Kutoka Kimilili barabara huanza kupanda, na mbele yako husimama mlima ambao ramani huuita Elgon na Wabukusu huuita Masaba. Kilele chake cha juu kabisa, kilicho upande wa Uganda, kina urefu wa mita 4,321.

Kapsokwony ni makao ya kaunti ndogo ya Mlima Elgon, na wenyeji wake wengi ni Wasabaot. Ile "Kap" iliyotangulia katika jina ni kama "kwa" yetu tunaposema Kwa Fulani, nayo utaisikia katika majina mengi ya nchi za Wakalenjin. Nchi ni ya kijani usioisha: mahindi, viazi, vitunguu, kahawa na migomba. Udongo wake umetokana na mlima uliowahi kutema moto, nao una rutuba nyingi. Lakini udongo huo huo ulishao watu, mvua ikinyesha huwa tope zito linaloshika gurudumu kama mkono wa mdai. Na mvua za huko si kama zetu. Zikianza mwezi wa Machi, huendelea miezi mingi, na katika miinuko mikali ardhi yenyewe huweza kuporomoka. Lami imefika sehemu kadhaa, ila nyumba nyingi ziko mbali nayo, kwenye vijia vinavyopanda, kushuka na kuvuka vijito.

Katika vijia hivyo ndipo tulipoziona Subaru kuukuu, Forester na Legacy na Impreza, nyingine zikiwa na rangi iliyopauka na bamba la mbele lililofungwa kwa waya. Zimefikaje huko? Mlango wao ni kwetu, bandari ya Kilindini. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Kwa hiyo hizi ziliingia zamani, zikamtumikia mwenye nazo Nairobi au Mombasa, zikauzwa kwa wa pili na wa tatu, na kila mauzo bei ikishuka, hata zikamfikia mwalimu na mkulima wa viazi. Vijana nao wanazipenda kwa sababu nyingine. Wamesikia kwamba Colin McRae aliishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Wazazi wao wanamkumbuka Mkenya mwenzetu Patrick Njiru, aliyemaliza wa nne mwaka 1994 kwa Impreza.

Hata hivyo ushindi wa mashindanoni una maana ndogo kwa mtu wa mlimani. Faida anayoitafuta iko katika umbo la injini. Katika magari mengi pistoni husimama wima. Katika Subaru zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, zikirushiana ngumi kama mabondia. Kwa hivyo uzito wa injini hukaa chini, karibu na ardhi, na gari halipinduki upesi kwenye kona. Tena nguvu hugawanywa kwa magurudumu yote manne. Moja likiteleza, mengine yanasukuma. Hizi ndizo sifa mbili zinazoifanya Subaru ya zamani ipande mahali ambapo gari dogo la kawaida hurudi nyuma.

Nyumba aliyopanga kijana wetu ni ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye Forester ya mwaka 1999. Gari hilo ni lake, lakini mtaa mzima umeliwekea tegemeo. Usiku wa mvua, mama mjamzito akishikwa na uchungu kule juu, pikipiki haifai, na gari la wagonjwa huenda liko safarini kwingine. Mlango unaogongwa ni wa mwalimu. Hatozi nauli, jamaa wa mgonjwa huweka mafuta kwa kadiri ya uwezo wao. Kijana wetu alituambia kuwa amewapokea hospitalini wagonjwa kadhaa walioshushwa kutoka gari hilo likiwa limepakwa tope hadi paani.

Siku ya pili ya kukaa kwetu tulifuatana na mwalimu na mwanawe wa kiume kwenda kwa fundi, kwani springi za nyuma zilikuwa zimechoka na tumbo la gari lilikuwa likigonga mawe. Mwana alikwenda na shauri lake tayari. Alitaka gari linyanyuliwe inchi 4, lifungwe magurudumu makubwa, na ekzosi ikatwe ili lingurume kama yale ya mashindano.

"Mama, tukiliinua hivyo hakuna jiwe litakalotugusa," alisema.

Mwalimu hakumjibu. Alimgeukia fundi: "Wewe unasemaje?"

Fundi, mtu wa makamo mwenye maneno machache, alifuta mikono akasema, "Mwalimu, mtu akibeba gunia la viazi kiunoni, anashuka mlima. Akilibeba kichwani, anayumba. Gari hili Mjapani alilibebesha gunia kiunoni. Mimi naweza kulihamishia kichwani, lakini usiku ukiwa na mgonjwa ndani, usinilaumu."

Kisha akaeleza, na maelezo yake tunayanukuu kwa maana, kwa kuwa yanamfaa kila mwenye gari la namna hii. Inchi 2, yaani sentimita 5 hivi, hupatikana kwa kuweka vipande vya kunyanyulia juu ya shokomzoba, au kwa springi ndefu na ngumu kidogo. Ukizidisha hapo bila kushusha pia mihimili iliyobeba injini na difu, shafti zinazopeleka nguvu magurudumuni hukaa kwa pembe kali. Raba zake huchanika, vumbi na maji huingia, na kiungio hulia kikikaribia kuvunjika. Mipira ya breki nayo huvutika. Na ile faida ya uzito kukaa chini, ambayo ndiyo sababu ya kulinunua gari, unaitupa kwa mikono yako.

Kuhusu magurudumu alisisitiza zaidi. Gari linalosukuma kwa magurudumu manne linataka yote yalingane kwa ukubwa na kwa kiasi cha kulika. Ukifunga moja jipya pamoja na matatu yaliyolika, difu ya kati haipumziki hata kwenye njia iliyonyooka, hupata moto na kufa kabla ya wakati wake. Ukifunga makubwa kupita kiasi, injini hutaabika kupanda, na mshale wa mwendo husoma pungufu ya mwendo wa kweli. Ajabu ni kwamba mlimani injini tayari ina taabu yake. Hewa huwa nyepesi, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, injini isiyo na taba hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Gari linaloruka kama swala Likoni laweza kukohoa Kapsokwony.

Wakati huo mwalimu alitoa daftari kwenye mkoba. Lilikuwa daftari la shule, lenye mistari, na ndani yake ameandika kila kitu alichokitengeneza tangu alinunue gari: tarehe, kilomita, bei, jina la kipuri. Fundi alilisoma kama tabibu asomavyo cheti cha mgonjwa, kisha kidole chake kikasimama mahali pamoja. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa kilomita 96,000 zilizopita. Mkanda huo hustahili kubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na kwenye vumbi jingi ni bora mapema. Katika injini nyingi za aina hii, ukikatika gari likienda, vali na pistoni hugongana, na injini imekwisha hapo hapo, iwe ni mchana sokoni au ni saa nane za usiku mto umefurika.

Mwana aliinama akaitazama ile namba. Fedha zilizokuwapo zilitosha jambo moja: ama kulinyanyua gari kwa inchi 4 na kulifunga magurudumu, ama kubadilisha mkanda pamoja na pampu ya maji na kununua springi za kawaida. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mama, tufanye mkanda."

Tulikaa hapo hadi alasiri tukitazama kazi. Mkanda ulibadilishwa, pamoja na pampu na vigurudumu vinavyouongoza. Shokomzoba za nyuma za asili, zile zinazojiinua zenyewe mzigo ukizidi, zilikuwa zimekufa na bei ya mpya ni kubwa. Fundi alifunga shokomzoba za kawaida na springi ngumu, na gari likapanda karibu inchi moja na nusu. Chini ya injini alichomelea bamba la chuma, akaliachia tundu la kumwagia oili na nafasi za kupitisha hewa. Akaonya pia kuhusu maji ya rejeta. Maji matupu ya mtoni huozesha chuma kwa ndani. Ukiona maji yanapungua bila kuvuja, au mapovu kwenye chupa yake, usiongeze ukaenda. Huenda gasketi ya kichwa cha injini imeanza kuachia, na injini ikichemka mara moja tu mlimani huweza kupinda isitengenezeke. Ekzosi haikukatwa. Fundi alisema gari linalobeba wagonjwa haliwezi kuwaamsha wazima.

Ndugu zetu, tumeyasimulia haya kwa kirefu kwa sababu huku pwani tuna vijana wengi wenye Subaru kuukuu, na wazazi wengi walio katika shauri la mwalimu yule bila daftari lake. Kijana hupata fedha kidogo, akaanza na kile kinachoonekana na kusikika: kunyanyua au kushusha, taa, ngurumo. Mkanda hauonekani. Raba ya shafti haionekani. Hapa kwetu kuna na adui mwingine asiyeonekana, chumvi ya bahari, inayokula chuma cha chini kimya kimya. Sheria yetu imetufundisha kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana, na gari linaloendeshwa na mtu mmoja lina dhamana ya wengi: waliomo, waliopo njiani, na majirani waliolala. Kugeuza gari kwa haja ni jambo jema na ni elimu. Mlimani tumeliona likiokoa maisha. Lakini haja ina kipimo, na mapambo hayana.

Kwa hiyo, mama, mwanao atakapokuja na habari za kulinyanyua gari, usimkatalie kabla ya kumsikiliza, wala usimpe fedha kabla ya kumuuliza. Muulize: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na imeandikwa wapi? Magurudumu manne yanalingana? Raba za shafti ni nzima? Beringi za nyuma zinavuma? Chini ya gari pameoshwa chumvi na kukaguliwa kutu? Njia gani hasa unayopita inayohitaji urefu huo, na kwa inchi ngapi? Kampuni ya bima imearifiwa mabadiliko hayo? Akiwa na majibu, huyo ni mtu anayelijua gari lake, msaidie. Akiwa hana, mnunulie kwanza daftari lenye mistari, na ukurasa wa kwanza muujaze pamoja.

Mola awahifadhi wasafiri wetu wa baharini, wa bara na wa milimani. Wabillahi tawfiq.