Mahali pa Kusimamisha Wimbo

Hapa Gothenburg mtu akikualika kwake msikilize albamu, jua umealikwa kunyamaza. Utavua viatu mlangoni, utapewa kahawa, utaonyeshwa kiti. Mwenyeji atatoa santuri kwenye jalada akiishika kingoni, ataifuta vumbi kwa brashi, atashusha sindano, kisha ataketi atazame zulia. Ukiongea katikati ya wimbo atakuitikia kwa adabu, lakini hutaalikwa tena.

Kwetu Milimani, Kisumu, mtu akisikiliza muziki bila kutoa neno huulizwa kama ni malaria.

Albamu iliyonifundisha kunyamaza ni Blackwater Park ya Opeth, bendi ya Stockholm. Ilitoka 2001, na ilirekodiwa humu humu Gothenburg, Studio Fredman, huku Mwingereza Steven Wilson wa Porcupine Tree akisaidia kuitengeneza. Nyimbo nane, dakika 67 hivi. Ni dethi metali, tena ile ya progresivu: magitaa mazito, ngoma za miguu zinazokimbia, na mwimbaji, Mikael Åkerfeldt, anayenguruma kama mtu anayesukuma kabati peke yake. Halafu bila kukupa taarifa anaimba kwa sauti laini ambayo kwaya yoyote ya Kisumu ingeipokea Jumapili. Gitaa la besi liko mikononi mwa Martín Méndez, mzaliwa wa Uruguay. Mhamiaji mwenzangu huyo, na masikio yangu humtafuta yeye kwanza.

Wengi hukimbizwa na ule mngurumo. Ushauri wangu ni huu: usiutafutie maneno. Uchukulie kuwa chombo kimoja zaidi, kikae pamoja na ngoma, kisha ufuate gitaa. Utagundua kwamba wimbo wa namna hii hauna kiitikio kinachorudi mara tatu ili upate kukariri. Una vyumba. Unaingia kimoja, unatokea kingine, na ukishasahau ulikoanzia unajikuta umerudi sebuleni. The Drapery Falls huanza na sauti ya gitaa iliyovutwa juu ya mdundo wa polepole, hupita kwenye ghasia, na kabla ya kwisha hukurejesha pale pale. Asiyenyamaza hawezi kuligundua hilo. Hapo Waswidi nawapa haki yao.

Ila urefu wenyewe haukunitisha, na sababu ni benga, muziki wa magitaa wa kwetu. D. O. Misiani, mtu wa Shirati aliyefia Kisumu mwaka 2006, na wenzake wa miaka ya 1970 walirekodi kwenye santuri ndogo ambazo upande mmoja haubebi zaidi ya dakika chache. Wimbo ukazidi nafasi, basi ukakatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Mtu aliinuka, akageuza, akaendelea. Na mara nyingi ile sehemu ya pili ndiyo yenye utamu, pale sauti zinapoyapisha magitaa yakimbizane. Mtoto aliyelelewa na santuri za babake anajua kwamba wimbo una mwanzo wa kuelezea na mwisho wa kulipuka. Opeth hawakunionyesha jambo geni katika hilo. Ugeni ulikuwa kwenye ule ukimya wa wasikilizaji.

Kwetu Wajaluo wimbo una wenyewe wengi. Mpigaji wa nyatiti, ala ya nyuzi nane, huketi chini na ala yake, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa ala, njuga zikilia mguuni. Msikilizaji akiguswa hutoa pesa na kuusimamisha wimbo. Hapo ndipo pakruok huanza: anajitaja jina, ukoo, kijiji, mashemeji, ng'ombe alionao na ng'ombe ambao hajawahi kuwa nao. Mpigaji hugusa nyuzi taratibu akimngoja, kisha humjibu kwa sifa, na wimbo unashika kasi upya. Ngoma za ohangla na benga za kwenye baa zimerithi mtindo huo. Siku hizi pesa huingia kwa M-Pesa na msanii husoma jina kwenye simu.

Milimani ni mtaa wa mageti na miti mikubwa, na wenyewe hauna kelele. Lakini upepo haujui geti. Ijumaa usiku ulituletea besi kutoka klabu ambayo hukuweza kujua ni ipi, na ukitega sikio ulisikia muziki ukishuka, mtu akijitaja kwenye maikrofoni maneno yasiyofika vizuri, halafu magitaa yakirudi. Nilijua nyimbo zinasimama wapi kabla sijajua zinasema nini.

Ukimya huu wa Ulaya ulimfikia pia mwanamuziki Ayub Ogada. Aliichukua nyatiti akaenda nayo Uingereza, akaipiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, na mwaka 1993 albamu yake En Mana Kuoyo ikatolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Ni albamu nzuri mno, na ni albamu ya ukimya: hakuna mjomba anayeingia na noti mkononi. Ogada alirudi nyumbani, akafariki Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, Februari 2019. Nikiisikiliza huku ughaibuni naipenda sana, na kila mara nasikia ile nafasi ambayo mtu angesimama na kusema.

Desemba moja nikaipeleka Blackwater Park nyumbani. Veranda, spika ya blututhi, sahani za samaki zimebaki mifupa. Mngurumo wa kwanza tu, Waya, dada ya babangu, akaweka kikombe chini.

"Nyathina, huyo mzungu ameshikwa na nini?"

"Ndivyo anavyoimba, Waya."

"Basi mpeni maji."

Baadaye akauliza lililokuwa moyoni hasa: kama huo ni muziki wa shetani. Swali hilo lina historia. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na miaka ile mzazi akiona fulana nyeusi yenye fuvu alimwita mchungaji. Nilimjibu kwamba nyimbo hizi zinaimba mauti na majonzi. Akatikisa kichwa, kidogo amelegea. Mtu aliyewahi kukesha kwenye disko matanga hawezi kushangaa kwamba msiba una spika kubwa.

Tukafika wimbo wa mwisho, ule wenye jina la albamu, dakika 12. Katikati yake magitaa mazito hukatika, zikabaki noti nyembamba zinazodondoka moja moja, kwa muda mrefu. Marafiki zangu wa Gothenburg hapo hufumba macho. Binamu yangu, mtoto wa Waya, hapo alisimama. Akainua chupa ya soda kama maikrofoni.

"Ni mimi, wuod Nyakach! Shemeji wa watu wa Asembo! Ndume asiyevuka mto kwa mtumbwi wa kuazima!"

Akamtaja mkewe, akamtaja mama mkwe, akanitaja mimi wa ng'ambo ninayekula baridi, akamaliza, na hapo hapo uzito wote ukarudi, ngoma na mngurumo kwa pamoja. Veranda nzima ikacheka na kupiga makofi. Hakuwa amewahi kuusikia wimbo huo. Alisikia tu muziki umeshuka, akajua amepewa nafasi, na masikio yake yakapima ni ya urefu gani.

Nimeifikiria veranda ile mara nyingi, na sikubali tena kwamba anayenyamaza ndiye anayesikiliza zaidi. Kusimamisha wimbo mahali pake ni ujuzi. Ukikosea unazomewa.

Tena kuna suala la nani analipa. Huku Uswidi kijana anaweza kujifunza gitaa katika shule ya muziki ya manispaa, kisha yeye na wenzake watatu wakajiandikisha kama kikundi cha masomo kwenye chama cha elimu ya watu wazima, chenye ruzuku ya serikali, wakapata chumba cha mazoezi chenye ngoma na amplifaya. Bendi nyingi za metali zilianza hivyo. Wana muda wa kutunga dakika 12 na kuzisugua mpaka zing'ae, na hakuna anayedai kutajwa jina. Bendi ya benga mara nyingi hupiga kwa vyombo vya mwenye baa, na mwenye vyombo ndiye mwenye saa. Wimbo usioguswa na mtu hauwalishi. Wimbo unaosimamishwa mara nane usiku mmoja unalipa nauli ya boda ya kila mmoja. Kwa hiyo anayesema watu wetu hawana subira ya muziki mrefu hajakaa baa ya Kisumu mpaka saa tisa usiku, wimbo ule ule ukiwa bado unaendelea.

Wakenya wanaonguruma wapo. Duma, yaani Martin Kanja na Sam Karugu wa Nairobi, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Haina vyumba kama vya Opeth. Ni kelele za mashine na ukelele wa binadamu zilizobanwa mpaka hewa inakwisha, na mimi huichukua kwa vipimo vidogo. Lakini Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept mwaka 2024 kwa heshima ya bibi mkuu wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha fildi mashali katika Mau Mau na aliyefariki 2023. Kanja si Mjaluo na sidai kwamba alikopa kwetu. Lakini kusimama katikati ya ngurumo na kusema mimi ni wa ukoo wa nani, hilo Waya angelielewa bila kufafanuliwa.

Binamu naye amenogewa. Hataki kujua majina ya bendi wala miaka; anachoniuliza ni kama wimbo una mahali pa kuongelea. Juzi nilimtumia The Drapery Falls. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, boda zikipiga honi nyuma yake: ni wimbo mzuri, lakini ile nafasi ya katikati haimtoshi hata kumaliza mashemeji, na kama nawajua hao watu niwaambie wairefushe.