Mdanzi wa Kericho

Tulipozuru Kericho, wenyeji wetu walituonesha mti wenye miba nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba la chai. Marehemu baba yao aliupanda akitaraji machungwa. Ukazaa matunda machungu, na vijana wakanoa shoka.

Tulichuma jani. Kikonyo chake kilipanuka kama jani dogo la pili. Tukalisugua, tukalinusa: mdanzi, kama wa kwetu pwani. Mche wa mchungwa huweza kupandikizwa juu ya shina la mdanzi. Sehemu ya juu ikifa, shina huchipua lenyewe. Huenda marehemu hakukosea.

Mama mjane akaamuru shoka lirudishwe ghalani, akatuuliza namna ya kutengeneza achari ya danzi. Enyi wazazi, tuutambue mti kabla ya kuukata.