Makohozi ya Mama Mdogo

Kwetu Morogoro, ukimwita mtu panya umemtukana. Panya buku ndiyo kabisa: huyo ni mwizi wa mahindi, jitu la mkia mrefu wenye ncha nyeupe, na wapo wanaomwona kama kitoweo. Sasa fikiria mama mdogo, Mluguru wa Matombo, anafuatwa nyumbani na mhudumu wa afya na kuambiwa arudi kliniki kwa sababu panya wamenusa makohozi yake na kuyatilia shaka. Alikuwa amekohoa miezi, na zahanati ilishamwambia hana TB.

"Hadubini imeniacha, panya ndiye kanishika? Mwanangu, nimefika huko?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana alikuwa amekonda kweli.

Panya hao wanafundishwa na shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, chini kabisa ya milima yetu. Wazo lilikuwa la Mbelgiji, Bart Weetjens, aliyefuga panya tangu utotoni. Mradi ulianza Ubelgiji mwaka 1997, ukahamia Morogoro mwaka 2000. Kazi ya kwanza ilikuwa mabomu ya kutegwa ardhini. Pana uwanja pale uliofukiwa mabomu ya kweli ambayo hayawezi tena kulipuka, na panya anapita juu yake amefungwa kamba. Akikwaruza udongo mahali penye harufu ya baruti, kidude kinalia "ka!", naye anapewa ndizi. Kumfikisha hapo huchukua kama miezi tisa. Magawa, aliyepata medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alizaliwa na kusoma hapo hapo.

Lakini mimi nilitaka kujua habari ya makohozi. Basi iko hivi. Sampuli hupashwa moto kwanza ili vijidudu vife, kisha hupangwa mstari chini ya matundu. Panya hupita akinusa, na penye TB hubaki na pua kama sekunde tatu. Sampuli mia moja anazimaliza kwa dakika 20 hivi. Mtu wa maabara angehitaji siku kadhaa.

Kinachonishangaza zaidi ya kasi ni suala la ndizi. Kwenye mazoezi mwalimu anajua jibu, hivyo anajua lini ampe. Sampuli za kliniki je? Hapo hakuna anayejua, na ukimlipa panya kwa kila anapotua pua, baada ya wiki mbili umefuga mwongo. Ndiyo maana wanachanganya sampuli ambazo kliniki imeshathibitisha kuwa zina TB, na panya hulipwa kwa hizo tu. Hizo nyingine, akisimama, jibu linaandikwa na maabara ya watu inazipima upya.

Maana yake, aliyemgundua mama mdogo hakupata kitu. Alisimama kwenye kikopo chake, akasubiri, akaambulia patupu, akaendelea. Nilipomweleza hivyo, mama mdogo alitikisa kichwa. "Kama mimi kwenye kikundi cha mikopo," alisema. Maabara ilithibitisha, akameza dawa miezi sita. Anakula vizuri sasa, na neno panya kwake bado ni tusi. Sikumlaumu.

Siku hizi pale SUA kuna somo jingine. Wamejenga mfano wa nyumba iliyobomoka, na kadiri panya anavyoelewa wanaongeza vikwazo, hadi kelele za mashine za kutoboa. Panya anavaa kikoi cha mgongoni chenye kamera na kijimpira kifuani. Akimkuta mtu anakivuta, kisha anarudi alikotoka.

Niliposikia habari hiyo nilikumbuka Kariakoo, Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka mchana kweupe na watu wakawa wanaita kutoka chini, huku wenzao juu wakichimba kwa mikono. Sidai kwamba panya wangewaokoa. Ila tangu siku ile siwezi kuliona jengo lile la kuigiza kama mchezo.

Mtu wa kutafutwa kwenye mazoezi ni mfanyakazi mwenzao. Anajificha kati ya vifusi, anatulia, anasubiri pua. Akishapatikana anainuka, anajipangusa vumbi, anakwenda kunywa chai.