Ulaya kwa gari la kukodi: Kimbembe kipo kaunta!

Vijana wengi wa mjini wanadhani mtu akishakwea pipa na kutua majuu, kazi imekwisha. Eti pale uwanja wa ndege unaonyesha leseni, unapewa ufunguo, unakanyaga mafuta mpaka nchi ya tatu. Thubutu! Gari la kukodi Ulaya ni kama chumba cha kupanga Kariakoo: bei uliyotajiwa na dalali siyo utakayolipa siku ya kuingiza godoro.

Haya siyo ya kuhadithiwa. Juni 2025 nilikuwa Ujerumani kwa dada yangu, ambaye ameolewa na anaishi huko, na tulikodi gari uwanja wa ndege wa Frankfurt, tukakatiza Uswisi mpaka Genoa, Italia. Ni kilometa zaidi ya 800, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya, ila ndani yake kuna nchi tatu na sheria za barabarani za aina tatu.

Kilichotupeleka Genoa siyo ulimbwende. Mjomba wetu, mdogo wake mama, alitoka Tanga kwa kazi ya ubaharia mwaka 1988 akashukia huko, basi tena. Mara ya mwisho kukanyaga nyumbani ilikuwa 1997, kwenye msiba wa bibi. Mimi hata sijazaliwa. Sasa mzee miguu imegoma. Anakaa ghorofani, ngazi kwake ni adhabu, ndege hawezi. Mama akampigia dada simu: “Nendeni mkamwone mjomba wenu wakati bado anawajua.” Ukishaambiwa hivyo na mama, utabaki na swali gani?

Utaniuliza, mbona treni zipo? Zipo, tena nzuri. Lakini tulikuwa watu watano, wawili kati yao watoto wadogo, na mizigo juu. Halafu lililotuuma ni jingine: tungefika kwa treni, tukakaa na mzee sebuleni, tukaaga. Tulitaka kumtoa nje.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili. Ofisi za kukodisha magari za mjini huwa zimefungwa au zinafungua saa chache, ndiyo maana watu hukimbilia uwanja wa ndege. Makampuni yamejipanga pale kaunta kwa kaunta. Lakini jua kwamba uwanja wa ndege una bei yake. Gari lile lile, kampuni ile ile, ukilichukua ofisi ya mjini mara nyingi linashuka bei.

Shemeji alikuwa ameshaagiza gari kwenye mtandao, siku 5 kwa euro 212. Tukafika kaunta tunatabasamu. Kijana wa pale, mpole kweli kweli, akaomba leseni na kadi ya benki. Shemeji akatoa kadi yake. Kijana akaigeuza, akairudisha. Hiyo ni ya kutoa hela zako zilizomo, siyo kadi ya mkopo. Wao wanataka kadi ya mkopo, tena yenye jina la dereva mkuu wa kwenye mkataba. Shemeji akasema mke wangu anayo. Kijana akasema vizuri, basi dereva mkuu awe mkeo.

Hapo ndipo kimbembe kilipoanza! Shemeji kidume, aliyejipanga wiki nzima na miwani ya jua, kageuzwa dereva wa akiba mbele ya watoto. Alinuna huyo. Nikamwambia, “Shem, meza tu, safari ni ya mjomba.” Dada akatoa leseni, akatoa kadi, mkataba ukaandikwa upya kwa jina lake. Bahati ni kwamba kampuni ile haimtozi mwenza wa ndoa akiongezwa kuwa dereva. Si zote zina huruma hiyo, uliza kwanza.

Kwa nini kadi ya mkopo? Kwa sababu ya dhamana. Kampuni inafungia kiasi fulani cha hela kwenye kadi yako, kwetu kilikuwa euro 400. Hawazichukui, ila na wewe huzigusi mpaka gari lirudi salama. Ukija na noti mfukoni, hata zijae kiroba, wengi wao hawakupi ufunguo.

Zamu yangu ikafika. Dada na shemeji walitaka niwasaidie usukani, kwani shemeji alikuwa ametoka kazini usiku. Leseni yangu ya nyumbani ninayo, na ile ya kimataifa nilishaichukua kabla ya kusafiri. Hiyo chukua nchi iliyokupa leseni yako, usisubiri ufike huko. Lakini nina miaka 24. Huko, chini ya miaka 25, kwa makampuni mengi wewe ni hatari inayotembea! Nikatozwa euro 14 kwa siku kwa kosa la kuwa kijana, na euro 11 kwa siku kwa kuwa dereva wa nyongeza. Piga mara 5. Ile 212 ikawa 337, na gari bado hatujaliona hata tairi.

Kijana akaja na la bima. Bima ya msingi imo kwenye bei, lakini ina sehemu ya kubeba mwenyewe. Yetu ilikuwa euro 1,200. Maana yake ukilikwaruza gari, hasara mpaka kufikia hapo ni ya kwako, ndipo bima ianze. Ukitaka kuifuta sehemu hiyo, unaongeza euro 23 kwa siku. Anakuambia kwa sauti ya upole kama daktari anayekupa habari mbaya. Mtu mwenye watoto wanaolia pembeni anasaini tu. Dada akakataa, maana alishakata bima ya namna hiyo kwa kampuni nyingine ya bima, ya mwaka mzima, kwa bei ya chini zaidi. Kama huna, fikiri vizuri kabla ya kujifanya shujaa.

Maswali mawili ya mwisho usiyasahau. La kwanza, gari linaruhusiwa kuingia nchi zipi? Magari mengine, hasa ya kifahari, hayaruhusiwi kuvuka kwenda Italia. Ukivuka kimyakimya, bima inaweza kukukana. La pili, linarudishwa saa ngapi? Siku yao ni saa 24. Ukichelewa sana, unahesabiwa siku nyingine.

Tukashuka kwenye jengo la maegesho. Shemeji akataka kuwasha. Dada akasema ngoja, akatoa simu, akalizunguka gari anapiga picha kama yuko harusini: bampa, milango, vioo, rimu zote nne, mafuta, kilometa. Rimu ya nyuma kushoto ilikuwa na mchubuko ambao haukuandikwa kwenye karatasi. Akarudi nao kaunta, ukaandikwa. Tukafunga viti vya watoto tulivyobeba kutoka nyumbani, kwani vya kampuni navyo vinalipiwa kwa siku, na trafiki wa huko hana utani na mtoto asiye na kiti chake.

Barabarani sasa. Usukani uko kushoto, unaendesha kulia. Ile kipilefti yetu ukiikuta huko imegeuka, unaizunguka kwa upande mwingine. Mimi naiita kipiraiti! Mkono wangu wa kulia ulizoea mlango, ghafla unatafuta gia. Nikakaa nyuma kwanza nikisoma mchezo. Kwenye njia kuu zao, Autobahn, njia ya kushoto ni ya kupita wenzako tu, ukishapita unarudi kulia. Kuna sehemu hazina kikomo cha mwendo, ushauri ni kilometa 130 kwa saa. Unaweza ukajiona unakimbia, mara kitu kinakupita vuuu, hata rangi huijui. Kwenye mitaa isiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita. Jumapili ina neema yake pia: malori makubwa yanazuiliwa, barabara inapumua.

Mafuta unajaza mwenyewe halafu unaingia ndani kulipa. Angalia kifuniko kimeandikwa petroli au dizeli kabla ya kushika bomba. Vituo vya kwenye njia kuu vina bei ya kukomoa, ukitoka kidogo kuingia mjini unapata nafuu. Na choo cha njiani ni euro 1 kwenye vituo vingi. Kumbe siyo stendi zetu tu!

Tukashuka kusini kupita Karlsruhe na Freiburg mpaka mpakani Basel. Kule Ujerumani gari dogo halilipii njia kuu. Uswisi unalipia stika ya mwaka mzima, faranga 40. Hakuna ya siku moja, wala usilie. Siku hizi ipo pia ya mtandaoni, inayofungwa kwenye namba ya gari, kwa hiyo uliza kama gari ulilokodi tayari inayo. Letu halikuwa nayo. Ukikamatwa huna, faini ni faranga 200 na stika unanunua vile vile. Mwendo wa mwisho ni 120, na kamera zao ni tochi zisizolala wala kusalimiana.

Baada ya Luzern milima ikatufunga. Halafu ukaja mlango wa handaki la Gotthard, lililofunguliwa mwaka 1980, lenye urefu wa karibu kilometa 17 ndani ya mlima. Tulipanga foleni dakika kama 40. Ndani mwendo ni 80, magari ya kwenda na kurudi yanapishana uso kwa uso. Watoto walishangilia dakika mbili, kisha wakanyamaza. Na mimi nilinyamaza. Tuliingia kwenye nchi ya Kijerumani, tukatokea upande wa pili mabango yote ni ya Kitaliano.

Italia unachukua tiketi unapoingia njia kuu, unalipa unapotoka. Mjomba alikuwa ametuonya kwenye simu: msiingie katikati ya mji wa zamani kwa gari. Miji mingi ya Italia ina maeneo yaliyozuiliwa kwa magari ya wageni, kamera inasoma namba yako, na barua ya faini inafika kwa kampuni ya magari. Kampuni nayo inakutaja kwa wakubwa, halafu inakukata hela kwa huduma ya kukutaja!

Yeye anakaa Cornigliano, magharibi mwa Genoa. Kufika kwake tulipita juu ya daraja jipya, lililojengwa mahali pa lile la Morandi lililoanguka tarehe 14 Agosti 2018 na kuua watu 43. Shemeji alipunguza mwendo. Hakuna aliyemwambia apunguze.

Mjomba alifungua mlango ameshika fimbo. Dada akapiga goti, “Shikamoo mjomba.” Mzee hakuitikia kwanza, alimshika kichwa. Kisha akasema marahaba ndefu mpaka sauti ikakatika.

Siku ya tatu tulimshusha ngazi polepole, shemeji mbele, mimi nyuma. Gari lina viti vitano, hivyo shemeji akabaki kupika wali. Nilishika usukani mimi, mjomba kiti cha mbele, tukafuata barabara ya zamani ya Aurelia, inayopita juu ya bahari, mpaka Camogli. Mzee alifungua kioo. Alikuwa hajaiona bahari kwa karibu miaka miwili, bahari iliyo jirani na kwake! Watoto wanaongea Kijerumani tu, yeye akawafundisha Kiswahili cha mabaharia: tanga, nanga, pepo za kusi. Waliporudi walikuwa wanagombana nani aseme nanga.

Tulirudi Ijumaa. Kuingia Ujerumani polisi walitusimamisha wakaangalia pasipoti, kwani nchi hiyo ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024. Viza yangu ya Schengen ilinitosha nchi zote tatu, lakini pasipoti usiiache nyumbani. Tukajaza mafuta karibu na uwanja, tukatunza risiti. Mkaguzi wa gari akazunguka, akainama, akaonyesha rimu ya nyuma kushoto. Dada hakusema neno. Alitoa karatasi na picha ya siku ya kwanza, yenye tarehe na saa. Yule bwana akasaini. Bila picha ile, hasara ya mtu mwingine ingekuwa yetu.

Basi msomaji wangu, hesabu ndiyo hiyo. Euro 212 ya kwenye mtandao iligeuka 337, mbali na stika, mafuta na tiketi za Italia. Kama unakwenda kutembea tu peke yako, na una miaka chini ya 25, panda treni, utanishukuru. Lakini kama mwisho wa barabara kuna mtu wako ambaye ngazi zimemfunga ndani, kodi gari. Ila pale kaunta usikubali kuharakishwa, hata kama nyuma yako kuna foleni na mtoto analia. Soma, uliza, piga picha, ndipo uwashe.

Tukijaaliwa, tuonane wiki ijayo.