Mshahara Mmoja, Kota za Reli

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikaa kota za reli, Tabora, mji ambako Reli ya Kati inagawanyika, treni moja ikishika njia ya Kigoma na nyingine ya Mwanza. Baba alikuwa fundi wa karakana. Mama alikuwa nyumbani na sisi watoto. Watu walisema kwetu anafanya kazi baba peke yake. Mshahara ulikuwa mmoja kweli, lakini aliyeufikisha mwisho wa mwezi ni mama, na hilo nililiona kwa macho yangu.

Baba alimkabidhi bahasha kabla hata hajavua viatu. Mama alitenga ya mkaa, ya unga, ya mafuta ya taa, ya madaftari yetu. Iliyobaki aliifunga kwenye pindo la kanga, na pindo hilo halikufunguliwa ovyo. Kukopa dukani alikataa katakata.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, maduka yakabaki rafu tupu. Sukari tuligawiwa kwa kaya kupitia balozi wa nyumba kumi. Ugali ulikuwa wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Hapo Tabora ilitufaa sana. Sukari ikikosekana, mama alinunua asali ya misitu ya miombo, tukanywea chai. Viazi vitamu vikishuka bei alichukua debe zima: vingine alivikata vibichi na kuvianika vikawa michembe, vingine alivichemsha kwanza, akavikata, akavianika vikawa matobolwa. Kiangazi kikibana tulikuwa na akiba tuliyoianika wenyewe. Sijala kitafunio kitamu kama matobolwa ya mama, na nimekula vingi.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kola. Shati la baba lilianza kuchakaa shingoni, pale kola inapokunjwa. Mama aliifumua kwa wembe, uzi baada ya uzi, akiushika wembe kwa vidole viwili ili asikate kitambaa. Aliigeuza, upande uliolika ukaingia ndani, akaishona upya kwa cherehani ya mkono. Mimi nilizungusha mpini. Shati lilirudi karakanani kama limetoka dukani, likala mwaka mwingine. Vitambaa vilivyoshindikana kabisa viligeuzwa nepi za mdogo wangu.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ikaja fomu ya kujaza, na kwenye nafasi ya kazi ya mama, baba aliniambia, “Andika mama wa nyumbani, halafu andika mhazini.” Niliandika yote mawili. Karani wa shule alilipiga la pili mstari kwa kalamu nyekundu. Jumatatu iliyofuata baba aliomba ruhusa kazini, akavaa lile shati, akaenda kudai neno lake lirudishwe. Lilirudishwa.