Idhini ya Kusimama Mbele

Mjini Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijana aliyetaka kujifunza karate hakuulizia cheti cha mwalimu, kwa kuwa vyeti vilikuwa adimu na aghalabu hapakuwa na mtu wa kuvisoma. Waliloulizia wazee wake ni kwamba mwalimu huyo kafundishwa na nani, na je, aliyemfundisha alimruhusu kufundisha? Mwalimu wetu alikuwa na jibu lake, naye alilitoa kwa taadhima, kama mtu atajaye nasaba yake. Alisoma Dar es Salaam kwa mmoja wa wanafunzi wa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha mtindo wa Goju-Ryu kwenye ukumbi wa karate wa Zanaki katika miaka ya 1970. Na nyuma ya hao wote yupo mwasisi wa mtindo huo, Miyagi Chojun wa kisiwa cha Okinawa, aliyefariki mwaka 1953, na nyuma ya Miyagi yupo mwalimu wake Higaonna Kanryo, aliyevuka bahari kwenda Fuzhou, nchini China, kutafuta ilimu hiyo.

Marehemu baba yangu, ambaye maishani mwake hakupata kukanyaga ukumbi wa karate, aliyaelewa mambo haya upesi kuliko sisi tuliokuwa tukiyafanya. Yeye alilelewa katika vyuo vya Kurani, na masimulizi ya mashekhe wakubwa wa pwani, kama Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyesomesha Unguja hadi kufa kwake mwaka 1925, yalikuwa chakula chake cha kila jioni. Basi alijua kwamba mtu anaweza kukisoma kitabu tangu mwanzo hadi mwisho, akakihifadhi, na bado asiwe na haki ya kumkalisha mwingine mbele yake na kumsomesha, mpaka mwalimu aliyemsikiliza akisoma ampe ijaza, yaani idhini ya kusomesha. Niliporudi nyumbani usiku nikitokwa na jasho, aliniuliza habari za mwalimu kabla ya kuniuliza habari za mazoezi.

Isidhaniwe kwamba mwalimu wetu alikuwa bahili wa maarifa. Hata mwenye mkanda mweupe aliruhusiwa, bali alihimizwa, kumwonyesha mgeni namna ya kufunga mkanda, kuukunja mguu, na kuikaza ngumi bila ya kuliumiza dole gumba. Alichokikataza ni mwanafunzi kukusanya watu mahali pengine na kuwa mwalimu wao ilhali mwalimu wake mwenyewe hana habari. Sababu yake kubwa ilikuwa kata, yaani mfuatano wa miondoko uliopangwa, iitwayo sanchin, ambayo ndiyo msingi wa mtindo ule. Ni kata fupi, yenye hatua chache, na mtazamaji asiyeijua huidhani nyepesi. Lakini mwili wote hukazwa tangu vidole vya miguu hadi shingoni, na pumzi huingizwa na kutolewa kwa kipimo, na endapo mwanafunzi atajikaza huku ameizuia pumzi kifuani, shinikizo la damu hupanda ghafla, kichwa kikamzunguka, na pengine akaanguka. Ndiyo maana mwalimu huzunguka nyuma ya mwanafunzi akimgusa mabega, mgongo na mapaja, apate kujua kwa mkono wake palipokazwa kupita kiasi na palipolegea. Mtu aliyeijua kata hiyo kwa macho tu hana mkono huo, hata awe hodari namna gani wa kuicheza yeye mwenyewe.

Palikuwa na mwenzetu mmoja, mwenye mkanda wa kahawia, fundi wa mateke kuliko sisi sote, ambaye aliwakusanya vijana wa mtaani kwake akawa akiwafundisha uwanjani pasipo kumwambia mwalimu. Nia yake ilikuwa njema, nami nashuhudia hivyo: hakutoza hata senti, na vijana wale walimpenda, na wengine kwa sababu yake waliacha kukaa vijiweni. Lakini aliwafundisha sanchin kama alivyoiona, na jioni moja mvulana akaanguka katikati ya kata, akapiga kisogo chini, akapelekwa hospitali kushonwa. Habari zilipomfikia mwalimu, alivaa kanzu yake na kofia akaenda kwa wazazi wa mvulana kuomba radhi, na gharama ya dawa akaibeba yeye. Mama wa mtoto alistaajabu, akamwambia, “Lakini wewe siye uliyemfundisha mwanangu.” Akajibu, “Aliyemfundisha nimemfundisha mimi, mama.”

Jibu hilo lilinifungulia maana ya idhini kuliko hotuba yoyote. Anayeitoa anaweka dhamana: mwili wa mtoto asiyemjua, katika mtaa asiokaa, umekuwa amana juu yake, basi anayefundisha bila ya ruhusa humtwika mwalimu wake mzigo ambao hakuulizwa kama yu tayari kuubeba. Mwenzetu yule hakufukuzwa. Kwa muda mrefu, zaidi ya mwaka, alisimamishwa mbele ya wanaoanza, mwalimu akiwa ameketi pembeni akimtazama. Kisha wakafuatana mpaka uwanjani kwake, na mbele ya vijana wote mwalimu akatamka kwamba amemruhusu. Hakuandika chochote. Miyagi naye hakupata kumpa mwanafunzi wake daraja ya dani. Madaraja hayo yaliingia katika mtindo wake baada ya yeye kufariki.

Wapo waliotupinga, na hoja yao haikuwa dhaifu. Walimtaja Bruce Lee, ambaye filamu zake zilijaza majumba ya sinema ya pwani yetu. Aliondoka Hong Kong mwaka 1959 kabla ya kuumaliza mtindo wa mwalimu wake Ip Man, na punde akaanza kufundisha Seattle, angali kijana. Lau angesubiri, wakasema, dunia ingekosa mengi. Ni kweli. Walakini mtu huyo huyo, alipokuwa na shule zake, aliwaamini wachache mno kufundisha kwa niaba yake, watu kama Taky Kimura, James Lee na Dan Inosanto, na mwaka 1970 alizifunga shule hizo, akihofia kwamba wanafunzi wangeishika njia yake kama sheria isiyobadilika. Mimi naona kwamba aliyeanza bila ya kungoja ndiye aliyekuja kutambua uzito wa kumwachia mtu jina lake. Na hoja yao ina upande mmoja ninaoukubali kwa moyo wote: mwalimu anayemnyima ruhusa mwanafunzi aliyestahili, kwa wivu au kwa kuhofia ada zitapungua, naye ameivunja amana.

Karatasi zilikuja katika miaka ya 1990. Vyama viliongezeka, mitihani ikawa na ada, na hati zenye mihuri zikatundikwa ukutani. Sikuzichukia, maana mwalimu hufa na maneno yake husahauliwa, na hati hubaki. Ila niliona watu wakifaulu kwa kucheza kata mbele ya meza ya watahini, kisha wakafungua madarasa, ilhali hapana mtu hata mmoja aliyepata kuwatazama wakifundisha. Ujuzi wa kutenda ulipimwa; ujuzi wa kumwongoza mwingine haukuulizwa. Kisha zikaja simu, na kijana wa leo huipata sanchin kiganjani mwake, akawafundisha wenzake kesho yake.

Mwaka juzi binti mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa ni mwalimu wa shule huko Muheza, aliniomba ruhusa ya kuwafundisha wasichana. Nilimweka kwanza mbele ya wanafunzi wangu hapa Tanga, nikaketi. Nimemruhusu kufundisha misingi na kata ya Gekisai, ambayo Miyagi aliitunga mnamo mwaka 1940 ili vijana wapate pa kuanzia. Sanchin bado, naye ameridhia, na kila nipatapo nafasi hupanda gari kwenda kuwatazama. Wazazi wa wasichana hao wamepewa jina langu na mtaa ninaokaa, ili wakiwa na la kuuliza wajue mlango wa kubisha.